Pini ya Pili na Pini ya Tatu

Msomaji wangu, kazi za mikono ni nyingi, na kila moja ina heshima yake kwa watu wanaoijua. Seremala husifiwa kwa mlango, mhunzi kwa jembe, na mchonga mtumbwi kwa chombo kinachovuka mto bila ya kuvuja. Kazi ninayotaka kukusimulia haina sifa ya namna hiyo. Watu huona waya tu: kamba nyeusi yenye kichwa huku na kichwa kule. Mambo yakienda vizuri husifiwa kompyuta; yakienda vibaya hulaumiwa kompyuta vile vile, na waya husahauliwa chini ya meza. Hata hivyo nimekaa Garsen miaka mingi nikila jasho la kazi hii, na mara moja waya nilioutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe ulipoteza kitu ambacho hakiwezi kununuliwa tena. Hiyo ndiyo sababu ya insha hii.

Labda hujafika Garsen. Ni mji mdogo wa kaunti ya Tana River, karibu na mto ambao kaunti imepewa jina lake. Tana huanza katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, husafiri kiasi cha kilomita 1,000, na humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Hapana mto mrefu kuliko huo katika Kenya. Huko juu umefungwa kwa mabwawa: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo yametupa umeme, walakini hayakuuondolea mto hasira zake. Ulifurika mwaka 1961, kabla ya bwawa lolote katika hayo. Ukafurika mwaka 1997, na yote yakiwa yamesimama. Ukafurika tena mwaka 2018. Wapokomo walimao mpunga, ndizi na maembe kandokando yake, na Waorma wachungao ng'ombe katika mbuga zake, wote huishi kwa kuutazama. Maji yakipanda Garissa huchukua siku kadhaa kutufikia sisi, na siku hizo ni tofauti kati ya mtu aliyekwisha hamisha watoto na mbuzi wake na mtu anayelala juu ya mwembe.

Kwa hiyo mto hupimwa. Ukingoni husimamishwa ubao wenye alama za mita na sentimita, na mtu wa jirani huajiriwa kuusoma asubuhi na jioni na kuandika katika daftari. Kazi hii ni ya zamani, nayo haitaki umeme wala elimu kubwa. Yataka macho, kalamu na uaminifu. Mahali pengine, kando ya ubao huo, huwekwa kisanduku kinachosoma kimo cha maji chenyewe kila dakika 15, mchana na usiku, na kutia kila kipimo katika kumbukumbu yake. Hivyo ni vipimo 96 kwa siku. Mtu husoma mara mbili, kisanduku mara 96. Lakini mtu hueleza alichokiona kwa kinywa chake mwenyewe, na kisanduku ni bubu mpaka kiunganishwe na kompyuta. Hapo ndipo mtu kama mimi hutafutwa.

Duka langu lina meza moja, dirisha moja, na paa la mabati ambalo hunilazimisha kuacha kulehemu saa sita za mchana na kuanza tena alasiri. Riziki yangu ya kila siku ni redio, simu na taa za jua. Lakini mara kwa mara huja mtu na kifaa kisichokubali kusema na kompyuta ila kwa lugha ya kale: mizani ya mzigo, mashine ya kuchapa risiti, kidhibiti cha pampu iendeshwayo kwa nguvu za jua, kisanduku cha mtandao wa shule ambacho aliyekifunga amekwenda zake. Lugha hiyo huitwa RS-232. Kanuni zake zilitolewa Marekani mwaka 1960, wakati Kenya ilikuwa bado chini ya Waingereza, ili mashine za maandishi zipate kuunganishwa na vyombo vya kupeleka habari kwa njia ya simu. Kompyuta nyingi zilizowahi kuisema lugha hiyo zimekwisha tupwa, lakini yenyewe haijafa. Ni rahisi, haigharimu sana, na mtu anaweza kuielewa yote kwa siku moja. Na vitu vya namna hiyo huwa na umri mrefu.

Niruhusu nikueleze inavyokwenda, maana bila ya hayo hutafahamu kosa langu. Katika waya huu herufi haziendi bega kwa bega kama askari katika gwaride. Huenda moja nyuma ya nyingine, kama ng'ombe wanaoshuka mtoni kwa njia nyembamba. Kila herufi hugawanywa katika alama nane. Hutanguliwa na alama ya kuanza na kufuatwa na alama ya kumaliza, na jumla yake ni kumi. Mwendo wa kawaida ni alama 9,600 kwa sekunde, yaani herufi 960. Kipimo cha mwendo huo kimeitwa kwa jina la Mfaransa, Émile Baudot, aliyepata haki ya uvumbuzi wa mtambo wake wa simu ya maandishi mwaka 1874. Alama zenyewe ni umeme mtupu. Volti za hasi maana yake ni moja, volti za chanya maana yake ni sufuri, na kilicho kati ya volti tatu za hasi na volti tatu za chanya hakina maana yoyote. Msemaji anaponyamaza hukaa katika hasi. Nakuomba ulikumbuke neno hilo, kwa kuwa mimi nililisahau siku niliyolihitaji.

Nyaya zinazotosha ni tatu. Mmoja ni wa kusema, mmoja wa kusikia, na mmoja wa ardhi, ambao hao wawili hupimiwa kwake. Vifaa vingine vina adabu nyingi zaidi, havisemi mpaka viulizwe kama viko tayari, navyo hutaka nyaya nyingine za hodi na karibu. Fundi huvidanganya kwa kuunganisha pini ya hodi na pini ya karibu katika kichwa kimoja, kifaa kikajibiwa na sauti yake chenyewe. Vingine hunyonya nguvu zao kidogo kidogo kutoka katika nyaya hizo hizo za adabu, na ukizikata havifanyi kazi kabisa. Lakini mizizi ya mambo ni ile mitatu.

Ugumu wa kwanza wa kazi hii ni kupata plagi. Plagi zenyewe zina umbo la herufi D, ili mtu asiweze kuzichomeka kichwachini hata akitaka. Garsen huzikuti dukani. Malindi nimepata mara mbili, Mombasa mara nyingi kidogo, na mahali pa hakika ni Nairobi, katika maduka ya Luthuli Avenue, ambako vitu vya umeme hupangwa kama dagaa sokoni. Mtu wangu wa huko huniwekea plagi katika bahasha na kuipa basi. Bahasha hupita Mombasa, hupita Malindi, na kuteremshwa njia panda ya Minjila, ambako huifuata kwa pikipiki. Nauli ya bahasha hushinda bei ya kilichomo. Na mvua kubwa ikinyesha, barabara ikikatika, Luthuli Avenue huwa mbali kama Ulaya.

Kwa hiyo nimejifunza kuwarithi wafu. Jirani yangu, mama mmoja auzaye samaki wa kukaanga, aliwahi kutumia king'amuzi kibovu cha setilaiti kuwa kigoda cha karai lake. Nilipomwomba kukitazama mgongo wake alicheka, lakini mgongoni mlikuwa na plagi ya pini tisa, nzima, isiyowahi kuguswa. Ving'amuzi vingi vya zamani vina plagi hiyo. Ilikusudiwa kuingizia programu mpya, na wenye ving'amuzi hawakujua kuwa ipo. Tangu siku ile mama huyo huniwekea kila kilichotupwa. Printa za kale hunipa plagi za pini 25. Kebo za kioo cha kompyuta hazinifai: umbo lake ni lile lile la plagi ya pini tisa, lakini ndani mna pini 15 katika safu tatu, na vijana wengi wameniletea hizo wakiwa na furaha, wakarudi nazo. Plagi iliyong'olewa katika king'amuzi ina taabu yake pia, kwa kuwa miguu yake ilitengenezwa kwa kusimama juu ya ubao, si kwa kushika waya. Hufaa, lakini haipendezi, nami huikaza kwa gundi ya moto.

Waya hausumbui. Kebo ya mtandao wa kompyuta ina nyaya nane ndogo zilizosokotwa mbili mbili, na vipande vyake hupatikana popote mafundi wa intaneti walipopita. Kila waya mrefu hujaa umeme kabla ya kuupitisha, mfano wa mfereji mkavu unaokunywa maji ya kwanza, na kanuni huweka mpaka wa pikofaradi 2,500. Kebo hiyo hunywa kiasi cha pikofaradi 50 kwa kila mita, kwa hiyo mita 50 hazina wasiwasi. Kanuni ya zamani ilisema mita 15 tu, na wazee wa kazi hii huishika hiyo mpaka leo. Mimi siwabishii, maana sijapata mteja wa Garsen aliyetaka zaidi ya mita tatu.

Kulehemu ni utamu wa kazi. Huvuliwa ganda la waya kwa upana wa punje ya mpunga, hupakwa risasi, kikombe cha pini hupakwa risasi, kisha viwili hivyo huguswa kwa moto kwa muda wa pumzi moja. Ukizidisha, plastiki hulainika na pini hulala upande. Ukipunguza, risasi huwa ya kijivu na hushika kwa leo tu. Namba za pini zimeandikwa kwenye plastiki kwa herufi ndogo kuliko chawa, nawe uitazamapo plagi kwa nyuma, kushoto huwa kulia. Nimewaona watu wazima wakiapa kwa sababu ya jambo hilo.

Sasa nitakwambia habari ya namba zenyewe. Hapo mwanzo plagi ya kanuni ilikuwa ya pini 25, na katika plagi hiyo kompyuta husema kwa pini ya pili na kusikia kwa pini ya tatu. Ardhi ni ya saba. Kompyuta ndogo ya IBM ya mwaka 1981 ilifuata mpango huo. Mwaka 1984 kampuni hiyo hiyo ilitoa kompyuta nyingine, na ili kupunguza nafasi ilitumia plagi ya pini tisa. Katika plagi hiyo mpya kompyuta husikia kwa pini ya pili na kusema kwa pini ya tatu. Ardhi ni ya tano. Kinywa na sikio vilibadilishana mahali. Mambo ya dunia yamejaa mabadiliko ya namna hii, yaliyofanywa na mtu mmoja mezani na kulipiwa na wengine miaka mingi baadaye, katika nchi ambazo mtu huyo hakuzifikiria.

Katika mwaka 2018, mafuriko ya Aprili na Mei yalipokwisha na barabara ilipoanza kupitika, alikuja dukani kwangu afisa kijana wa ofisi moja ya maji. Alifuatana na mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuusoma ule ubao wa mtoni. Afisa alibeba kisanduku cha kupimia mto, kimekauka tope juu yake, na kompyuta ya mkononi. Kebo ya kisanduku ilikuwa imetafunwa na panya katika stoo. Kisanduku kilikuwa cha zamani, chenye plagi ya pini 25, nacho kilikuwa hakijasomwa tangu Desemba ya mwaka uliotangulia. Ndani yake mlikuwa na gharika nzima: jinsi maji yalivyopanda, kila dakika 15, usiku na mchana, siku ambazo hapana mtu aliyeweza kusimama ukingoni.

"Fundi," akasema, "nasikia wewe hutengeneza waya hizi."

Nikamwambia arudi alasiri.

Nilikuwa na kila kitu, nami nilijiona bwana. Plagi ya matundu tisa nilikuwa nayo, kutoka katika bahasha ya Nairobi; ya pini 25 niliikata kwenye waya wa printa. Nilijua kanuni ambayo kila mwanafunzi wa kazi hii huijua: vifaa viwili vya tabia moja vikikutana, nyaya huvukishwa, kinywa cha huyu kiende kwenye sikio la yule. Kwa hiyo nilipeleka pini ya pili kwenye ya tatu, na ya tatu kwenye ya pili. Nilikumbuka hata jambo ambalo wengi hulisahau, kwamba ardhi ya plagi ndogo ni ya tano na ya plagi kubwa ni ya saba. Kumbukumbu hiyo ilinitia kiburi, na kiburi kilinizuia kukumbuka zaidi.

Mzee alikuwa amebaki dukani, akingoja redio yake. Aliketi juu ya mkungu wa king'amuzi kilichopinduliwa, akitazama mikono yangu kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutazama maji.

"Mwanangu," akaniuliza, "katika vitu hivi viwili, msemaji ni yupi?"

"Vyote husema, Baba," nikamjibu. "Na vyote husikia."

"Wajuaje kila kimoja kinasemea wapi?"

Nikamwambia kwamba imeandikwa. Akatikisa kichwa, akaridhika, au akaona adabu kunyamaza.

Alasiri tukaunganisha. Nilikwisha ujaribu waya kwa kipima umeme, nacho kilikuwa kimelia vizuri kila mahali nilipokusudia kilie. Kompyuta ilitazama, kisanduku kilitazama. Kimya. Tukabadilisha mwendo: 1,200, 2,400, 4,800, 9,600. Kimya. Nikachomoa, nikapuliza vumbi, nikachomeka tena. Afisa alinitazama, nami, msomaji, nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne ambayo fundi hapendi kuyasema, yaani "labda kosa ni langu." Badala yake nikasema, "Kisanduku kimekufa, bwana. Maji yamekiingia."

Neno la fundi ni zito kuliko fundi mwenyewe. Afisa aliliamini, akakichukua kisanduku, kikapelekwa mbali kwenye karakana ya watu wengine. Huko, kwa kuwa waliambiwa kimeingiwa na maji, walikifungua, wakakisafisha, wakakikausha, na ili wasikiunguze wakaking'oa kibetri kidogo ambacho kazi yake ilikuwa kuilinda kumbukumbu. Walifanya sawasawa na habari waliyopewa. Kumbukumbu ikafutika.

Ilipita miezi minne. Afisa alirudi na kisanduku, kizima, na kebo mpya iliyotoka kwa wauzaji. Alikuja kunionyesha tu, kwa wema, ili nijue namna ilivyotengenezwa nisije nikasumbuka siku nyingine. Kisanduku hakikuwa na ubovu wowote, akasema. Ila kimerudi kitupu. Nikaomba ile kebo. Nikaweka ncha moja ya kipima umeme katika tundu la pili la plagi ndogo, nikaitembeza nyingine katika plagi kubwa. Kililia kwenye pini ya pili. La tatu likalia kwenye ya tatu, la tano kwenye ya saba. Hapakuwa na nyaya zilizovukishwa.

Bila shaka umekwisha fahamu kabla yangu. Namba zilikuwa zimevukana zenyewe tangu mwaka 1984. Plagi ndogo husikia kwa pili, plagi kubwa husema kwa pili. Nyoosha waya, na sikio limekutana na kinywa. Mimi, kwa kuvukisha kilichokwisha vuka, nilikiweka kinywa mbele ya kinywa na sikio mbele ya sikio, na vifaa viwili vizima vikakaa vikipigiana kelele ambazo hapana aliyezisikia.

Nilikiwasha kisanduku, nikaweka ncha nyeusi kwenye ardhi na ncha nyekundu kwenye pini ya pili. Kipima umeme kikaandika volti nane za hasi. Yule ni msemaji aliyenyamaza. Nikahamia kwenye pini ya tatu: karibu na sufuri. Lile ni sikio. Kazi yote ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Kipima umeme kile kile kilikuwa mezani siku ile ya Juni. Nilikitumia kuuliza kama waya wangu unafanana na fikira zangu, sikukitumia kumuuliza msemaji yuko wapi.

Sikusema papo hapo. Nililetewa chai, nikampa afisa kikombe, nikazungumza habari za barabara. Mwisho nilimwambia. Sikutafuta maneno mazuri. Nilimwonyesha waya wangu wa zamani, ambao nilikuwa bado nao, na waya wake mpya, na kipima umeme. Hakukasirika kwa namna ambayo ingenifariji. Alichukua kalamu akaandika juu ya boksi la risasi: siku 180, mara 96, ni vipimo 17,280. Halafu akafanya hesabu nyingine ambayo sikumwomba. Kila kipimo, pamoja na tarehe na saa yake, ni herufi kama 20. Jumla herufi 345,600. Kwa mwendo wa herufi 960 kwa sekunde, ni dakika sita. Kwa dakika sita gharika ile yote ingalipita katika waya wangu. Alikunja karatasi akaitia mfukoni, akaniuliza kama yule mzee wa ubao anapatikana.

Tulimkuta shambani. Daftari lake lilikuwa limefungwa katika karatasi ya nailoni ndani ya kopo la maziwa ya unga. Aliandika kila asubuhi na kila jioni mpaka siku ambayo ubao ulizama. Baada ya hapo namba zilikwisha, na mahali pake palikuwa na maneno: mwembe wa kwanza, alama moja, mwembe wa kwanza, alama mbili, mwembe wa pili. Alikuwa amechanja gome kwa panga kila alipoweza kufika kwa mtumbwi. Afisa alisoma kurasa zile polepole, kisha akaenda garini kuleta darubini yake ya kupimia na fimbo yenye namba, kwa sababu alama ya mti ikipimwa kwa vyombo hivyo kutoka kwenye jiwe la kipimo inaweza kurudishwa kuwa mita na sentimita. Mimi nilipewa fimbo niishike. Siku ile nilikuwa tayari kushika kitu chochote.

Tulikwenda kutoka mti hata mti. Zilipatikana alama 11, na kila moja ilipata namba. Ya juu kuliko zote ilikuwa katika mwembe mkubwa, juu ya kichwa changu. Afisa akasema, "Basi hiki ndicho kimo cha mwisho."

"Sicho," akasema mzee. "Hiki ni cha jioni. Maji yalipanda tena usiku. Mimi nilikuwa kilimani na wajukuu, nikisikia sauti yake tu. Nilipofika asubuhi yalikuwa yamekwisha shuka, lakini tope lilikuwa limebaki juu ya alama yangu."

"Juu kiasi gani, Baba?"

Tope lenyewe lilikuwa limekwisha koshwa na mvua. Mzee aliusogelea mti, akaunyosha mkono wake wa kulia, akaulaza ubavu wa kiganja juu ya mchanjo wa panga, vidole vikiwa vimebanwa pamoja, kama mtu anayepima unga ndani ya debe. Aliutazama kwa kitambo. Akaupandisha kidogo, akaurudisha.

"Hivi," akasema.

Afisa akatoa futi ya mfukoni, akapima kiganja cha mzee, akaandika. Nilisoma alichoandika kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu naye, nimeshika fimbo. Usiku ule una namba moja katika daftari la ofisi, na mbele yake kuna neno "takriban".